"Chord": Kamba ao Moyo?

Vijana wengi wa korali wanajifunza gitare kwa vitabu vya Kiingereza. Humo wanakuta neno "chord", ni kusema sauti tatu ao zaidi zinazolia pamoja. Sisi huku, juu ya Kifaransa, tunasema "accord". Mwenye kushika gitare atasema mara moja: hilo ni neno la kamba! Anadanganyika, lakini si yeye wa kwanza.

Wagiriki wa zamani waliita utumbo "khorde". Kwa kuwa kamba za vinubi zilitengenezwa kwa matumbo ya kondoo, neno likahamia kwenye kamba yenyewe. Walatini wakaandika "chorda", Wafaransa "corde", na Waingereza "cord", kamba ile ya kufungia mizigo.

Neno la muziki lilipita njia ingine kabisa. Kwa Kilatini "cor" ni moyo. Humo mukatoka neno la kuleta moyo karibu na moyo, maana yake kupatana: ndilo "accorder" la Wafaransa. Waingereza wakalipokea, kisha wakalikata kichwa, ikabaki "cord", mapatano. Hapakuwa "h" ndani.

Sasa munaona shida: maneno mawili, maandiko mamoja. Kwenye karne ya 17, wenye kujua Kilatini wakafikiri lile la muziki ni mtoto wa "chorda", wakalivalisha "h". Ajabu kweli! Neno la kamba, lenye haki ya "h" ya Wagiriki, linaandikwa bila hiyo. Neno la moyo linabeba "h" ya utumbo wa kondoo mpaka leo.

Kifaransa kinatusaidia. Chukueni "concorde", "discorde", na "miséricorde" tunalosikia kila mara kanisani. Yote yanaishia na "corde", na hakuna kamba hata moja: ni mioyo pamoja, mioyo mbalimbali, moyo wenye huruma.

Tena korali yenyewe ni shahidi. Gitare imebaki nyumbani. Soprano wanashika sol, alto mi, wanaume do kule chini. Accord iko! Mwerevu mmoja atauliza: na "cordes vocales" za kooni je? Hizo kweli ni kamba, kwa jina. Lakini kila mutu anazo zake, na akisimama peke yake mbele ya kanisa anatoa sauti moja tu.