Mtoto akiteguka kidole gumba cha mguu, usimrudishe uwanjani haraka

Wiki za mashindano ya shule, iwe UMITASHUMTA au UMISSETA, sisi manesi wa zahanati tunazijua hata bila kuambiwa. Wanakuja watoto wenye magoti yaliyochubuka na vifundo vilivyovimba, na hakosekani mmoja anayechechemea huku akisema, "Ni kidole tu, nesi." Mama yake naye husema hivyo hivyo.

Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Miaka michache iliyopita nilimpa binti mmoja mcheza netiboli dawa ya maumivu, nikamwambia apumzike siku mbili tatu. Hakupumzika, maana sikumweleza sababu. Aliporudi baada ya wiki kadhaa, kidole kilikuwa kimekakamaa, hawezi kusimama kwa ncha za vidole. Tangu hapo naeleza kwa kirefu, kwa hiyo univumilie.

Kinachoumia ni nini?

Shika kidole gumba cha mguu wako, kifuate hadi kinapoungana na unyayo. Hapo kuna kiungo. Chini yake kuna kano, yaani nyuzi ngumu zinazoshikilia mifupa, na katikati ya nyuzi hizo kuna vifupa viwili vidogo kama punje za maharage. Mtoto anapokimbia, kisigino hunyanyuka kwanza, kisha mwili wote husukumwa mbele kupitia kiungo hicho.

Sasa fikiria kidole kimekanyaga chini, kisigino kiko juu, na mwenzake anamwangukia kwa nyuma. Kidole hupinda kwenda juu kupita kiasi, na kano za chini huvutika au kuchanika. Huko ndiko kuteguka. Si sawa na kujikwaa kwenye jiwe, ambako huumiza zaidi ncha na ukucha. Aliyeteguka atakuonyesha shina la kidole, hasa upande wa chini.

Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Bowers na Martin, waliandika kuhusu jeraha hili kwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha West Virginia. Waliona kwamba linahusiana na uwanja mgumu wa nyasi bandia pamoja na viatu vyenye soli laini inayopinda kirahisi. Huku kwetu watoto wengi wanacheza na raba zilizolainika kwa kuchakaa, au peku kabisa, na ardhi ya kiangazi ni ngumu vilevile. Wala wakubwa hawasalimiki. Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs aliumia hivyo Januari 2021, akacheza fainali Februari, na siku chache baadaye akafanyiwa upasuaji. Yeye alikuwa na madaktari wa timu pembeni. Mwanao ana wewe.

Ameumia kiasi gani?

Kano zikivutika tu, kuna maumivu na uvimbe kidogo, na mtoto anatembea. Zikichanika nusu, uvimbe unakuwa mkubwa, ngozi inavilia damu na anachechemea. Zikichanika kabisa, hawezi kukanyagia mguu huo, na wengine husema walisikia kitu kikikatika. Wa kwanza huweza kupona ndani ya siku chache hadi wiki moja. Wa pili anahitaji wiki mbili au zaidi. Wa tatu ni wiki sita hadi miezi kadhaa, na mara chache huhitaji upasuaji.

Siku tatu za kwanza

Atoke uwanjani hapo hapo. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, urudie mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja. Mtoto mwenye selimundu usimwekee barafu kabisa, kwani baridi inaweza kumwamshia maumivu. Yeye mpeleke kituoni. Funga bandeji isiyobana sana, na akilala mguu uwe juu ya mto.

Kwa maumivu, parasetamo inatosha. Dozi hutegemea uzito, kwa hiyo mwambie mfamasia kilo za mtoto, na usizidishe mara nne kwa saa 24. Aspirini usimpe mtoto.

Na sasa nasema lile linalonigombanisha na bibi zetu. Maji ya moto, kuchua kwa nguvu na kuvuta kidole "kirudi mahali pake" viache. Kano iliyochanika haina pa kurudishwa kwa kuvutwa. Ukivuta unaichana zaidi, na joto la siku za mwanzo huongeza uvimbe. Najua bibi anafanya kwa upendo. Mpe kazi ya kushika barafu.

Uvimbe ukipungua, mtoto avae kiatu chenye soli ngumu, si ndala. Mhudumu wa afya anaweza kukufundisha kufunga plasta ili kidole kisipinde kwenda juu.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo

Kama hawezi kukanyaga, kidole kimepinda, kimekufa ganzi au kimepauka, au hawezi kukikandamiza chini. Mifupa ya watoto bado inakua, na sehemu inayokua huvunjika kirahisi. Kwa hiyo hata aliyejikwaa tu, ukiona damu inatoka kwenye shina la ukucha, usiishie kufunga kitambaa. Inawezekana mfupa umevunjika na vijidudu vina njia ya kuingia. Akipigwa eksirei, uliza kama ni vizuri kupiga miguu yote miwili ili ilinganishwe.

Kidole chekundu, cha moto, chenye uvimbe, na mtoto ana homa wala hakuumia popote, hiyo si teguko. Usisubiri kesho.

Lini arudi kucheza?

Hapa ndipo mtoto na mwalimu wa michezo watakubembeleza, hasa kama mechi ni Jumamosi. Usiangalie kalenda, angalia mguu. Atembee bila kuchechemea. Asimame kwa ncha za vidole. Mpindishe kidole taratibu kwenda juu. Kifike karibu sawa na cha mguu mwingine bila maumivu. Mwisho aruke kwa mguu ulioumia peke yake, mara kumi. Akikunja uso hata mara moja, asubiri siku kadhaa, kisha mrudie majaribio hayo hayo. Akirudi mapema, kiungo kinaweza kukakamaa na kuuma miaka mingi, hata akitembea tu kwenda sokoni.

Akifaulu yote, aanze na mazoezi mepesi, na raba iliyolainika mbadilishie.