Toronto: vuli imeingia, na Kilimia kimepanda

Ninyi wasomaji wetu wa nyumbani mkisikia vuli mnafikiria mvua na mbegu. Sisi wa Toronto tumeliazima neno hilo kwa msimu ambao majani hugeuka mekundu na manjano, kisha hupukutika. Mwishoni mwa Septemba mchana bado hufika nyuzi joto 20 hivi. Katikati ya Novemba tunashukuru tukipata 7 au 8. Ziwa Ontario linasaidia kidogo. Maji yake hukaa na joto la kiangazi kwa wiki nyingi, hivyo mitaa ya ufukweni huchelewa kuona umande ukiganda.

Lakini kinachowaelemea wageni zaidi ya baridi ni giza. Mwezi wa Oktoba mchana hupungua karibu dakika 3 kila siku. Halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba, saa nane usiku, saa hurudishwa nyuma kwa saa moja, na ghafla jua linazama mnamo saa kumi na moja jioni. Anayefanya kazi katika ghala lisilo na madirisha anaweza kumaliza wiki nzima bila kuliona. Simu nazo zinavurugika, maana tofauti yetu na Dar es Salaam na Nairobi inatoka saa 7 kuwa saa 8. Uliyezoea kumpigia mama saa nane mchana wa hapa, kule ilikuwa saa tatu usiku. Sasa ni saa nne, na mama ameshalala.

Basi giza likishakuja, tulitumie. Jioni za Novemba, mkimaliza kula, tazameni mashariki. Mtaona nyota ndogo zilizosongamana kama kishada. Hicho ni Kilimia, kile kile cha nyumbani. Taa za mji zinakififiza, ila mkikaa kando ya ziwa, mbali na taa za barabarani, macho yakishazoea mtakipata. Watoto waliozaliwa huku wakikijua, wanakijua kwa Kiingereza. Waambieni jina lake linatokana na kulima, na kwamba wazee wetu walikitazama kikizama na kuzuka ili wajue mvua na jua vinakwenda vipi.

Tofauti ni upande. Dar kikifika juu kabisa unakitazama kaskazini. Hapa unageukia kusini. Mwezi mpevu wa Novemba ni hivyo hivyo, ndiyo maana sura yake huku inaonekana imepinduliwa. Mwezi mchanga wa vuli nao husimama wima, haulali kama dau. Nyota ya Kaskazini, ambayo Dar haionekani kamwe, hapa iko karibu nusu ya njia kutoka upeo hadi utosini. Msalaba wa Kusini, sahauni.

Wapenzi wa vimondo wangoje usiku wa kuamkia Oktoba 21 hivi, na Desemba 14, ambavyo huwa vingi zaidi. Na bahati ipo: Oktoba 10, 2024 mianga ya kaskazini ilionekana hadi hapa mjini, mbingu ikawa nyekundu.

Mwenye gari aende Torrance Barrens, karibu na Gravenhurst, mwendo wa saa mbili hivi kaskazini, mahali palipotengwa tangu 1999 ili giza lisiharibiwe na taa. Chukueni chai kwenye chupa, na soksi za pili.