Waya Uliopita Katikati ya Majani Chai

  Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya stima nyumbani. Tangu mradi wa Last Mile uanze mwaka wa 2015, maboma mengi ya huku kwetu Kericho na Bomet yaliyokuwa yakitumia koroboi yamepata stima. Koroboi ina adabu yake: moto unauona na moshi unaunusa. Stima haionekani wala hainusiki, na ndiyo maana watu huichezea.

Stima ya majumbani nchini Kenya ni ya volti 240. Sisi wa kidato cha tatu tumesoma sheria ya Ohm, kwa hivyo hebu tupige hesabu. Mwili wa mtu aliyelowa maji unaweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000 upate ampea 0.24. Ni kidogo, sivyo? Kumbe hiyo inatosha kabisa kuuvuruga moyo hadi usimame.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Watu hudhani kwamba fyuzi iliyo ndani ya plagi inamlinda mtu. La hasha! Fyuzi ya ampea 13 haiwezi kukatika kwa sababu ya ampea 0.24. Wewe utakufa nayo ibaki nzima. Kazi yake ni kuulinda waya usishike moto. Redio na taa ya mezani zinatosheka na fyuzi ya ampea 3, ilhali pasi na birika zinataka ya 13. Wako wanaotoa fyuzi iliyoungua na kutia msumari au karatasi ya pakiti ya sigara. Siku mzigo ukizidi, kitakachoungua badala ya fyuzi ni waya wenyewe, na waya umepita kwenye mbao za dari.

Pia kuna ile tabia ya kuchomeka kalamu ya biro kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu hilo ni la ardhi. Kifaa chenye mwili wa chuma, kama pasi, kinahitaji mguu huo wa tatu ili waya ukiachana ndani na kugusa chuma, stima ikimbilie ardhini na fyuzi ikatike, badala ya chuma hicho kukungoja wewe.

Sasa nije kwa ekstensheni. Ampea 13 mara volti 240 ni wati 3,120, basi. Asubuhi nyumba nyingi huchomeka birika la wati 2,000, pasi ya 1,000 na koili ya 1,500 kwenye ekstensheni moja. Jumla ni wati 4,500, karibu ampea 19! Mbaya zaidi, waya huachwa umeviringwa kama nyoka aliyelala, joto likakosa pa kutokea. Shika plagi yako baada ya dakika kumi. Ikiwa ni moto, au imegeuka rangi ya chai ya rangi, usingoje moshi.

Koili yenyewe ndiyo mwenzetu wa kila siku, maana baridi ya huku kila mtu anaijua na sisi wa shule ya kutwa huoga kabla ya jua. Wengi hupima joto la maji kwa kidole koili ikiwa bado inawaka. Zima swichi, chomoa plagi, ndipo utie mkono. Isitumiwe kwenye ndoo ya chuma, wala isiachwe mahali mtoto anayetambaa anaweza kufika.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni waya. Nyumba ya nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, iko chini ya shamba letu la chai, na haina stima. Baba alitaka kuvuta waya mwembamba kutoka soketi ya sebuleni, uteremke katikati ya majani chai hadi kwa kogo. Nimeona maboma mengi yenye waya wa namna hiyo. Nilimwambia, "Baba, naomba ufikirie siku ya kupogoa." Mpogoaji haangalii waya, anaangalia matawi, na panga lake ni la chuma. Siku nyingine zote wachumaji hupita hapo majani yakiwa yamelowa umande. Tena ganda la waya wa ndani halikutengenezewa jua na mvua. Hupasuka. Baba alinyamaza, kisha akasema kebo ni ghali. Ni kweli, ni ghali. Inayofaa ni ile yenye ganda la chuma, ifukiwe mahali ambapo jembe halifiki, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA pamoja na kifaa kinachokata stima mara tu miliampea 30 zinapopotelea ardhini. Hicho ndicho humlinda mtu, si fyuzi. Mpaka sasa kogo anatumia taa ya sola, na waya haujavutwa.

Radi nazo zimetuzoea. Mawingu yakianza kunguruma alasiri, chomoa televisheni mapema, wala usingoje ipige karibu ndipo uende kushika plagi. Stima ikipotea, zima pasi na koili, kwa maana inaporudi hukuta kila kitu kikiwa wazi, na mwenye nyumba pengine yuko sokoni Litein.

Ukimkuta mtu ameshikwa na stima, usimguse hata akiwa ndugu yako. Zima swichi kuu. Ukishindwa, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa mti mkavu, si tawi bichi ulilokata shambani. Moto wa stima usiumwagie maji. Na mkalitusi ukiangukia nyaya za nje, kaeni mbali nyote, mfukuze na ng'ombe, kisha mpigie Kenya Power kwa nambari 97771.