Binti anatafutwa, baba anacheza karata: mzazi na 'haraka' ya kwenye gemu

Wali umeshapoa. Mama ameita mara tatu, na jibu kutoka sebuleni ni lile lile: "Bado kidogo, kuna mtu namwokoa." Anapokwenda kuangalia, anamkuta mwanawe msituni ndani ya gemu, anachuma uyoga. Mama anaona amedanganywa.

Kijana hakudanganya. Kuna gemu ambazo mchezaji huachiwa nchi nzima azunguke apendavyo, huku hadithi ikimhimiza awahi kuzuia balaa. Mvutano huo huzidi katika matoleo ya pili na ya tatu. Mchezaji ameshaizoea dunia ile, kwa hiyo watunzi humwongezea hatari ili ashtuke, kisha humwongezea na ardhi ya kuzurura.

The Witcher 3, iliyotoka Poland mwaka 2015, ni mfano mzuri. Geralt, mwindaji wa mazimwi mwenye mvi, anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama bintiye, naye Ciri anawindwa na wapanda farasi wa kutisha. Lakini baba huyo huyo anaweza kuketi kilabuni akacheza karata, kijiji hadi kijiji, wiki nzima. Ciri hapati dhara lolote kwa sababu hiyo. Hadithi inamngoja.

Fallout 4, ya mwaka huo huo, imepitiliza zaidi. Mzazi anashuhudia mwenzi wake akiuawa na mtoto wao mchanga akiibwa, halafu muda si mrefu anaombwa awajengee majirani nyumba na kuwapandia mazao. Ni vigumu kutocheka.

Wengine wamelitatua jambo hili kwa akili. Katika Tears of the Kingdom ya mwaka 2023, inayoendeleza Breath of the Wild ya 2017, binti mfalme Zelda anatoweka mwanzoni kabisa. Habari za yaliyompata zimetawanyika nchi nzima, katika michoro mikubwa iliyochorwa ardhini. Hapo kuzurura ndiko kutafuta.

Nayo The Witcher 3, ingawa haihesabu siku, inahesabu malezi. Karibu na mwisho Ciri anavunjika moyo. Je, Geralt atamtoa nje warushiane theluji, au atamwambia si lazima aweze kila kitu? Atamwacha aingie peke yake kuzungumza na wachawi wakubwa, au ataingia naye kumsemea? Majibu ya aina hiyo ndiyo yanayoamua kama baba atamwona tena binti yake. Mzazi yeyote angekaa kitako kutazama sehemu hiyo, ila ajue kwamba gemu hii, kama Fallout 4, imewekewa alama ya miaka 18 Ulaya.

Zipo chache ambazo haraka yake ni ya kweli. Katika Majora's Mask ya mwaka 2000, mwezi unaiangukia dunia baada ya siku tatu, ambazo ni chini kidogo ya saa moja ya kwetu mchezaji asipopunguza mwendo wake. Katika Mass Effect 2 ya 2010, wafanyakazi wa chombo wanatekwa, na nahodha akienda kwanza kwenye shughuli nyingine, atakuta baadhi yao au karibu wote wamekufa. Hata huko, anayesimamisha gemu akaenda kula hapotezi mtu, kwa kuwa saa za gemu hutembea inapochezwa tu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto ni moja: "Ukiacha sasa hivi, nini kitapotea?" Akiwa katikati ya pambano, ana hoja, maana gemu nyingi, The Witcher 3 ikiwemo, haziruhusu kuhifadhi ulipofika wakati wa kupigana. Apewe dakika chache amalize. Akiwa anachuma uyoga, ahifadhi na aje mezani. Uyoga ataukuta.