Kutoka Safu ya Tarakimu hadi Uso wa Sauti

Sauti ya msemaji ikishanaswa na kuingizwa katika kompyuta hugeuka kuwa safu moja ndefu ya tarakimu zinazofuatana kwa wakati. Vipimo 16,000 vikichukuliwa kila sekunde, neno fupi lenye urefu wa nusu sekunde huwa na tarakimu 8,000. Azitazamaye hizo peke yake hawezi kutambua irabu wala konsonanti. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi safu hiyo inavyogeuzwa kuwa picha ya pande tatu, na kwa nini mtafiti wa lugha hana budi kuuelewa utaratibu huo kabla ya kuiamini picha yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuikata safu katika vipande. Kwa kawaida kipande huwa na milisekunde 25, yaani tarakimu 400, na kila kipande huanza milisekunde 10 baada ya kile kilichotangulia, hata vikapandiana kama makuti ya paa. Hatua ya pili ni kukokotoa nguvu ya mitetemo ya kila kiwango iliyomo katika kipande, kuanzia ile ya polepole hadi ile ya haraka. Hesabu hiyo, ijulikanayo kwa jina la Mfaransa Joseph Fourier, ilirahisishwa sana kwa kompyuta baada ya Cooley na Tukey kuchapisha njia yao mwaka 1965. Kila kipande huzaa safu wima yenye thamani 201, kutoka hezi 0 hadi 8,000, zikiachana kwa hezi 40.

Hatua ya tatu ni kuzipanga safu hizo bega kwa bega. Mhimili mmoja huwa wakati, wa pili huwa hezi, na nguvu huwa kimo. Kimo hupimwa kwa desibeli, kwani nguvu ya irabu huishinda ile ya pumzi mara nyingi mno. Bila hivyo, pumzi ingeonekana kama uwanda mtupu. Katika uso unaopatikana, s huinuka kama mlima upande wa hezi za juu, irabu hufanya migongo mirefu iendayo sambamba na wakati, na midomo inapofungwa kwa ajili ya p hutokea bonde.

Sasa yatazamwe maneno mawili ya Kimvita: paa la nyumba, na paa mnyama wa porini. Maandishi ya kawaida hayayatofautishi, lakini wasemaji wengi wa Mombasa hulitamka la pili kwa mpumuo. Mpumuo huo hudumu makumi machache tu ya milisekunde baada ya midomo kuachana. Vipande vikiwa vya milisekunde 100, bonde, mpumuo na mwanzo wa irabu huchanganyika katika safu moja, na maneno hayo mawili huelekea kufanana. Vikiwa vya milisekunde 5, mpumuo hujitokeza wazi, lakini thamani huachana kwa hezi 200, na migongo ya irabu hupoteza ukali wake. Faida ya upande mmoja ni hasara ya upande wa pili. Hakuna kompyuta iwezayo kuiondoa sheria hii.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba programu huunganisha nukta kwa uso laini, ilhali kimo kilicho baina ya nukta hakikupimwa. Tena, mlima ulio mbele huweza kulificha bonde lililo nyuma; kwa hiyo picha haina budi kugeuzwa na kutazamwa pande zote.

Basi mtafiti atakayetangaza kwamba wazee wa mtaa fulani wameuacha mpumuo, bila kutaja urefu wa vipande alivyotumia, huenda anasimulia habari za mkasi wake wala si za lugha yao.