Matone Chini ya Mabati

Labda umejenga nyumba ya mabati mahali pa baridi, kama Lubero au Masisi. Asubuhi unaamka, blanketi limelowa. Unatazama juu, matone yanadondoka. Unasema, "Mabati yametoboka." Lakini mvua haikunyesha, na ukipanda juu huoni tundu. Wengine huanza kumshuku jirani, ati ametuma kitu usiku. Sivyo. Maji hayo yametoka katika vinywa vyenu wenyewe.

Chukua kifuniko cha sufuria kilicho baridi, ukipumulie. Unaona unyevu? Mtu mmoja akilala usiku kucha hutoa kwa pumzi na jasho maji kama theluthi moja ya lita. Watu 6 katika chumba kimoja hutoa lita 2 hivi. Ongeza mvuke wa sufuria ya maharagwe. Hewa ya moto hupanda mpaka kwenye mabati, nayo yamepoa sana kwa baridi ya usiku. Hapo mvuke hugeuka kuwa maji. Nyumba za majani hazikuwa na taabu hii sana, kwa maana hewa ilipenya katikati ya majani. Mabati ni mazuri, lakini hayapumui.

Basi, watu wakiona baridi na unyevu, hufanya nini? Huziba kila tundu kwa matambara na udongo. Ndipo maji huzidi, na ukungu mweusi huota ukutani. Watoto wenye pumu hubanwa kifua. Tena kama mmoja ana kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, vijidudu vyake hubaki katika hewa ile ile mnayovuta wote.

Mama, angalia pia mahindi na karanga ulizoweka juu darini. Matone yakiviangukia, huota ukungu, na ukungu mwingine una sumu inayoharibu ini. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Usiwape watoto, wala usipikie pombe. (Najua wengi hufanya hivyo ili visipotee.)

Acha nafasi wazi kati ya ukuta na mabati, pande mbili zinazoelekeana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Ukiogopa mbu na wezi, weka wavu wa chuma. Tandika mikeka ya matete au mianzi chini ya mabati, ukiacha nafasi ya hewa juu yake. Pikia nje, au katika jiko la pembeni. Mchana fungua madirisha, na blanketi uzianike juani.

Neno moja ni la kufa na kupona: usilale na mbabula ya makala chumbani, hata kama haitoi moshi. Makala hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mkiamka na kichwa kuuma na kichefuchefu, tokeni nje mara moja, mwende hospitali. Mtu asiyeamka, mvuteni nje kwanza, kisha muite watu.