Mapendo haitolewe kama primu: hadisi ya Aida

Siye watu wa mine tunapenda hadisi za wafalme. Magaribi, kisha kutoka kazi, nyumba yote inakaa mbele ya televizyo kuangalia mwana wa mufalme anapokonya binti kwa kijana mwenye kumupenda tangu zamani. Watoto wanalia, mama anatukana mufalme. Kati ya hadisi hizo, moja inatugusa zaidi siye wenye kushuka chini ya udongo. Jina yake ni Aida.

Ni opera, ndiyo kusema teatro ya kuimba. Verdi, fundi wa muziki wa Italia, njo aliitunga. Watu waliiona mara ya kwanza Kairo, mu Misri, tarehe 24 desemba 1871. Ilikawia, sababu nguo na mapambo vilibaki Paris, muji uliozungukwa na waaskari wa Prusia.

Radamès, mukubwa wa waaskari wa Misri, anapendana na Aida, mutumwa mu nyumba ya mufalme. Lakini Amneris, binti wa mufalme, anamutaka kijana ule ule. Na wote hawajue kama Aida ni binti wa Amonasro, mufalme wa Etiopia, adui yao.

Radamès anashinda vita. Mbele ya watu wote, mufalme anamupa Amneris kuwa bibi yake, kama vile patron anatoa primu. Hakumuuliza kama anataka. Nani atakatalia mufalme mbele ya watu?

Amonasro naye anatumia mapendo ya mutoto wake: anamusukuma Aida amutoleshe Radamès siri ya njia ya waaskari. Siri inatoka, Radamès anakamatwa. Makuhani wanamwita mara tatu ajitetee, mara tatu ananyamaza. Mbele ya hukumu ile, Amneris alimuambia: umusahau Aida, nitakuokoa. Alikataa. Wanamufungia angali muzima ndani ya shimo, chini ya hekalu. Humo mu giza anamukuta Aida. Aliingia mbele, kwa siri, wafe pamoja. Juu ya jiwe, Amneris anabaki analia.

Siye tunajua uzito wa jiwe lenye kufunga njia. Njo maana ile mwisho hatuisikilize kama mchezo tu.

Mu cité zetu hakuna farao. Lakini kuko mukubwa mwenye motokari, kuko mununuzi wa mawe mwenye mufuko muzito. Binti anapenda kijana wa shimo, wazazi wanasema: "Ule hana kitu." Tusiwatukane haraka. Mama anayetaka mutoto wake akule kila siku haiko mutu mubaya. Lakini binti akitolewa bila kuulizwa, watatu wanaumia: yeye, kijana, na hata ule tajiri, sababu atalala na mutu mwenye roho iko fasi ingine. Amneris alikuwa na vyote, na alibaki na machozi.

Basi wazazi, muulize binti mbele ya kupokea mali. Na siye wa sendika tuseme wazi: mushahara mudogo njo unapeleka binti zetu ku soko. Tukiomba mushahara wa haki, haiko ya unga tu. Ni kusudi kijana wa shimo aweze kuposa mwenye anamupenda, bila haya.